Kwa Nini Kipanzi Mmoja Hueneza Milia ya Mahindi na Ndugu Yake Haenezi

Mkulima wa mahindi katika Afrika ya Mashariki aujua ugonjwa huu kwa macho, hata asipojua jina lake. Mmea huota vizuri, hutoa majani matatu au manne yenye afya, kisha siku moja jani jipya hutokeza likiwa na vidoadoa vyeupe karibu na shina. Siku zipitapo vidoa huungana vikawa mistari myembamba ya manjano iliyofifia, nayo hufuata mishipa ya jani kutoka shinani hadi nchani. Majani yaliyokwisha kufunguka kabla ya ugonjwa kuingia hubaki na rangi yake ya kijani; yale yajayo baadaye ndiyo yenye milia. Mmea ulioshikwa ungali mchanga hudumaa, na mwisho wa msimu hutoa hindi dogo lenye punje chache, au hautoi kitu. Ule ulioshikwa umekwisha kukua hupungukiwa kidogo tu.

Ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa milia. Jambo linalowashangaza wakulima wengi si milia yenyewe, bali ni jinsi ugonjwa unavyochagua. Mwaka huu shamba la fulani laangamia, na la jirani yake, lililopandwa mbegu ile ile, lapona. Mwaka ujao mambo yapinduka. Kwa hiyo watu hutafuta sababu. Mmoja husema ameuziwa mbegu mbovu dukani. Mwingine husema ardhi imechoka. Na wengine hunong'ona juu ya jirani mwenye kijicho. Tusiwacheke, maana hata mtaalamu wa kwanza aliyeuandika ugonjwa huu, Bwana Claude Fuller wa Natal katika Afrika ya Kusini, alipoueleza mwaka 1901 alidhani kwamba asili yake ni kasoro ya udongo.

Lakini dhana ya namna hiyo ina gharama yake. Mwenye kulaumu mbegu huitupa mbegu njema na kununua nyingine ambayo pengine ni hafifu kuliko ile. Mwenye kulaumu udongo humwaga fedha zake katika mbolea. Na mwenye kumlaumu jirani hupata adui, wala hapati mahindi. Wakati wote huo mwenye hatia yuko katika nyasi za mpakani, naye ni mdogo hata huonekana kwa shida.

Mwenye hatia huyo ni mdudu wa kahawia-manjano, urefu wake milimita 3 hivi. Huishi juu ya majani ya nyasi na nafaka, hufyonza utomvu wake, na akiguswa huchupa kama panzi. Kiswahili hakina jina maalumu lake yeye peke yake, basi katika maelezo haya tutamwita kipanzi. Wataalamu wamempa jina la Cicadulina mbila. Neno ummbila katika lugha ya Kizulu maana yake ni mahindi, kwa hiyo jina lake latukumbusha nchi ambayo hatia yake ilijulikana kwanza.

Aliyeivumbua hatia hiyo ni mtaalamu Mwingereza, Bwana H. H. Storey. Akifanya kazi Afrika ya Kusini katika miaka ya 1920 alithibitisha kwamba ugonjwa wa milia hauletwi na udongo, wala haupiti katika mbegu, bali huchukuliwa na kipanzi kutoka mmea mgonjwa hadi mmea mzima. Mwaka 1928 alihamia Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, Tanganyika, yaani Tanzania Bara ya leo. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa chini ya Waingereza, kikafanya uchunguzi wa kilimo kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki. Hapo Amani ndipo palipofanyika kazi ambayo tunataka kuieleza hasa leo.

Kwanza yatupasa tujue kitu kinachochukuliwa. Ugonjwa wa milia huletwa na virusi. Virusi si mdudu, wala si ukungu, wala hakionekani kwa darubini ya kawaida. Ni kitu kidogo mno kisichoweza kula wala kuzaa peke yake. Huingia ndani ya chembe ya mmea na kuilazimisha imtengenezee virusi wengine wa namna yake. Mmea ulioshikwa hauponi. Tena virusi vya milia vina udhaifu mmoja: havipiti kwa kugusana. Waweza kuponda jani gonjwa, ukachukua maji yake na kuyasugua juu ya jani zima, usipate ugonjwa wo wote. Virusi hivi havina miguu wala mabawa, wala haviwezi kutumia mikono ya mkulima au jembe lake. Vyamtegemea kipanzi, na bila kipanzi vingekufa pamoja na mmea vilimo.

Safari yake ndani ya mdudu ni hii. Kipanzi huuchoma mdomo wake mwembamba katika jani gonjwa na kufyonza. Storey aliona kwamba sekunde 15 za kufyonza zaweza kutosha kumpa virusi. Lakini hawezi kuambukiza papo hapo. Hapana budi virusi vishuke tumboni, vipenye ukuta wa tumbo na kuingia katika damu yake, vichukuliwe na damu hata kwenye tezi za mate, kisha vitoke pamoja na mate aumapo jani jingine. Safari hiyo katika joto la digrii 30 za Sentigredi huchukua saa 6 hadi 12; kukiwa na baridi huchukua zaidi. Baada ya hapo dakika 5 za kufyonza juu ya mmea mzima zaweza kutosha kuutia ugonjwa, na mdudu huyo hubaki mwenye kuambukiza aghalabu maisha yake yote. Lakini hawapi watoto wake virusi katika mayai. Kila mtoto huzaliwa safi, na asipokula jani gonjwa hubaki safi.

Basi huko Amani Storey alipokuwa akiwafuga vipanzi hawa na kuwajaribu mmoja mmoja, aliona jambo lisilo la kawaida. Aliwaweka juu ya mahindi yenye milia wakala wakashiba, kisha kila mdudu akawekwa peke yake juu ya mche mzima wa mahindi. Miche mingine ilitoa milia baada ya siku chache. Mingine haikutoa kabisa. Alirudia tena na tena kwa wadudu wale wale, na matokeo yakawa yale yale: aliyeambukiza jana aliambukiza na leo, na aliyeshindwa jana alishindwa na leo, hata akilazwa juu ya jani gonjwa siku nyingi. Walikuwa mdudu mmoja kwa sura, kwa rangi na kwa mwendo. Hakuna jicho lililoweza kuwatenganisha. Mche wa mahindi peke yake ndio uliowatenganisha.

Mtu mwingine angesema ni bahati tu, au mdudu alikuwa mgonjwa siku ile. Storey alifanya kama afanyavyo mfugaji mwenye busara anapotaka kujua kama maziwa mengi ni sifa ya ng'ombe huyu mmoja au ni sifa ya ukoo wake. Aliwachukua walioambukiza akawazalisha wao kwa wao, na wasioambukiza akawazalisha wao kwa wao. Baada ya vizazi kadhaa alikuwa na koo mbili: ukoo wenye uwezo na ukoo usio na uwezo. Ndipo alipoanza kuwaoza wa ukoo huu kwa wa ukoo ule, na habari alizozipata alizitangaza mwaka 1932 katika taarifa za Chama cha Kifalme cha Uingereza, ambacho ni chama kikuu cha wataalamu wa nchi ile.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Alipompa jike mwenye uwezo wa ukoo safi dume asiye na uwezo, watoto wote, majike kwa madume, walikuwa na uwezo. Lakini alipogeuza, akampa jike asiye na uwezo dume mwenye uwezo, watoto wa kike walikuwa na uwezo na watoto wa kiume hawakuwa nao. Yaani binti alirithi uwezo wa baba yake, na mwana wa kiume alirudi kwa mama yake.

Msomaji aliyezoea urithi wa shamba na mifugo, ambao katika makabila mengi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, ataona jambo hili ni la kupindukia. Sababu yake ni hii. Sifa za kiumbe, kama rangi ya ngozi na kimo na kadhalika, huandikwa katika vitu vidogo viitwavyo jeni, na jeni hizo zimepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu, ambazo zimo ndani ya kila chembe ya mwili. Nyuzi nyingi huwa mbili mbili, mmoja kutoka kwa baba na mmoja kutoka kwa mama. Lakini upo uzi mmoja unaohusika na kuwa jike au dume. Jike wa kipanzi ana nyuzi mbili za namna hiyo. Dume ana mmoja tu, nao ameupata kwa mama yake. Baba humpa uzi huo binti yake, hampi mwanawe wa kiume. Jeni ya uwezo wa kuchukua virusi imo katika uzi huo. Tena ni jeni yenye nguvu: jike akiwa nayo katika uzi mmoja tu kati ya nyuzi zake mbili, yatosha, ana uwezo.

Sasa fumbo lafumbuka. Dume mwenye uwezo humpa kila binti uzi wenye jeni hiyo, basi mabinti wote huwa na uwezo. Wanawe wa kiume hupata uzi wao kwa mama, na mama hana, basi nao hawana. Na mabinti hao wakizaa na ndugu zao wasio na uwezo, nusu ya watoto wao, wa kike na wa kiume, hupata uwezo na nusu hukosa. Hesabu hiyo hufuata kanuni zile zile alizozieleza Gregor Mendel kwa njegere mwaka 1866. Katika binadamu pia zipo sifa zifuatazo uzi huo, kama vile kutopambanua rangi nyekundu na kijani, ambako huonekana zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake.

Tuweke mfano wa hesabu tu, ili jambo liwe wazi. Tuseme katika bonde fulani nusu ya nyuzi hizo zina jeni ya uwezo, na nusu hazina. Madume, kwa kuwa kila mmoja ana uzi mmoja, nusu yao watakuwa na uwezo. Lakini katika majike wanne, mmoja tu ndiye atakayekuwa na nyuzi mbili tupu. Watatu watakuwa na uwezo. Kwa hiyo jike ni wa kuogopwa kuliko dume, na kwa bahati mbaya jike ndiye aendaye huku na huku kutafuta mahali pa kutaga.

Storey hakuridhika kujua kwamba uwezo hurithiwa. Alitaka kujua ni kitu gani hasa kinachorithiwa. Je, wasio na uwezo hawana mate yafaayo? Au damu yao huviua virusi? Au mlango umefungwa mahali fulani? Alichukua wadudu wa ukoo usio na uwezo, akawachoma tumbo kwa sindano nyembamba sana. Fikiri, msomaji, mdudu wa milimita 3, na ndani yake utumbo, na mtu mwenye mkono mtulivu kiasi cha kuutoboa utumbo huo bila kumwua mwenyewe. Wadudu hao waliotobolewa, wakiisha kula jani gonjwa, baadhi yao waliambukiza mahindi kama ndugu zao wenye uwezo. Hata aliyetiwa virusi kwa sindano mwilini, bila ya kupitia kinywani, aliweza kuambukiza.

Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1933, na maana yake haikuhitaji maneno mengi. Mate ya mdudu asiye na uwezo ni mazuri, na damu yake haivizuii virusi. Anavimeza virusi sawasawa na mwenzake, navyo vimo tumboni mwake. Kizuizi ni ukuta wa utumbo. Kwa mmoja ukuta huo una mlango ambao virusi huupita, kwa mwingine mlango huo haupo, na kuwapo au kutokuwapo kwake ndiko kulikoandikwa katika jeni. Bila shaka sindano haikubadili urithi wa mdudu: ukuta wake ulitobolewa, lakini jeni zake zilibaki zilivyokuwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi hiyo iliyofanywa katika msitu wa Usambara ni miongoni mwa kazi nzuri sana zilizopata kufanywa juu ya magonjwa ya mimea katika bara letu, nayo haisimuliwi shuleni kama istahilivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwa uzazi wa makusudi kwamba uwezo wa mdudu kueneza virusi vya mmea ni jambo la urithi. Yuko kipanzi mwingine wa jamii hiyo aliyepewa jina Cicadulina storeyi kwa heshima ya mtaalamu huyo.

Pengine mkulima atauliza: habari za utumbo wa mdudu zanifaa nini mimi, nami nina ekari mbili na watoto wa kulisha? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lapatikana katika mbegu.

Dawa kubwa ya ugonjwa wa milia ni mahindi yenye kuustahimili. Ili kuyapata mahindi hayo hapana budi mtaalamu apande aina nyingi, awaachilie vipanzi wenye virusi juu yake, kisha aangalie ni mimea ipi isiyodhurika. Sasa tazama hatari yake. Kama wadudu anaowatumia wengi wao hawana uwezo, miche mingi itabaki safi, si kwa sababu ina nguvu, bali kwa sababu haikuambukizwa. Mtaalamu atafurahi, ataichagua miche hiyo, ataizidisha kuwa mbegu na kuwauzia watu. Nayo itakapofika shambani mwa mkulima, mahali penye wadudu wenye uwezo, itaangamia. Kwa hiyo wale wanaofanya kazi hiyo sharti wafuge ukoo wa vipanzi wenye uwezo na kuupima kila mara, kama mtu atunzaye mbegu safi ya ng'ombe wa maziwa. Wamfuga adui wa mahindi, nao wamchagua yule aliye mbaya kabisa, kwa faida ya mahindi.

Storey mwenyewe aliifuata njia hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya uchunguzi ya Afrika ya Mashariki ilihamia Muguga, karibu na Nairobi, naye akahamia huko. Mwaka 1967 yeye na mwenzake, A. K. Howland, walitangaza habari za jinsi nguvu ya kustahimili milia inavyorithiwa katika mahindi. Baadaye Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967, ilibuni njia ya kufuga vipanzi kwa maelfu katika vibanda vya wavu, na kuwagawa wadudu wachache wachache katika kila mche ungali na majani machache, ili mche usiponyoke kwa bahati. Kwa njia hiyo walipata mahindi yanayostahimili milia, na mwaka 1986 walipewa tuzo ya kimataifa iitwayo kwa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji kwa ajili ya kazi hiyo. Mbegu nyingi zenye nguvu hizo zilizolimwa barani tangu wakati huo zina nasaba ya kazi hiyo.

Wala mdudu si wa namna moja katika kuruka kwake. Katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, miaka ya 1970, mtaalamu D. J. W. Rose aliona kwamba wapo vipanzi waendao karibu tu, kutoka mmea hadi mmea, na wapo waendao mbali, nao hawa wa mbali aghalabu wana miili mifupi zaidi. Mvua ikatikapo na nyasi kukauka, vipanzi huondoka mahali palipokauka na kutafuta majani mabichi. Wakikuta mahindi machanga yaliyochelewa kupandwa, au yaliyopandwa kwa maji ya mfereji wakati wa kiangazi, hapo ndipo karamu yao. Hii ndiyo sababu jirani aliyepanda mapema alipona, na aliyechelewa majuma machache, kwa mbegu ile ile, aliangamia. Virusi navyo vina koo zake. Wataalamu wamezipa majina ya herufi tangu A hata K, na ule ulioitwa A ndio unaoyadhuru mahindi zaidi, ilhali nyingine hukaa hasa katika nyasi za porini. Mahindi ni mgeni katika Afrika, yaliletwa kutoka Marekani na Wareno. Lakini virusi vya milia ni wenyeji, vilikuwa hapa katika nyasi kabla mahindi hayajafika.

Mambo haya ya koo za wadudu hayako katika mahindi peke yake. Mhogo una ugonjwa wake wa majani kujikunja na kuwa na mabaka, ambao Warburg aliueleza mwaka 1894 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Huo huenezwa na nzi weupe, wadogo sana, wakaao chini ya majani. Zamani nzi hao walihesabiwa kuwa aina moja, Bemisia tabaci. Siku hizi wataalamu wakizisoma jeni zao wameona kwamba chini ya jina hilo moja zimo aina zaidi ya 30, zisizotofautika kwa macho, nazo hazifanani katika mimea zinayoipenda wala katika virusi zinavyoweza kuvieneza. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 ugonjwa mkali wa mhogo ulienea Uganda, na katika miaka ya 1990 ukaingia Kenya ya magharibi. Wilaya nyingine ziliacha kabisa kulima mhogo, na njaa ikaingia. Palionekana virusi vipya vilivyotokana na kuchanganyika kwa aina mbili, na pamoja navyo nzi weupe wengi kupita kiasi. Wataalamu wamebishana juu ya nzi hao, kama ni ukoo mgeni au ni wenyeji waliopata hali ya kustawi. Tofauti moja na mahindi yafaa ikumbukwe: ugonjwa wa mhogo hupita pia katika vijiti vya kupandia, basi mwenye kukata mbegu ya mhogo katika shina gonjwa huupanda ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Turudi kwa mahindi. Mkulima hawezi kumtazama kipanzi na kujua kama ana uwezo au hana, wala hana haja. Yampasa awafanyie wote kama wana uwezo. Apande mara mvua zinapoanza, pamoja na majirani zake, wala asiwe wa mwisho katika mtaa. Asipande mahindi mapya kando ya mahindi ya zamani yenye milia, wala upande ule upepo unakotokea huko. Kama hana budi kupanda karibu, aache ukanda mtupu usio na nyasi, wa mita 10 hivi, kati ya shamba la zamani na jipya. Kipanzi aendaye karibu hapendi kuvuka ardhi tupu. Ang'oe nyasi za mipakani kabla mahindi hayajaota, si baada ya kuota, kwa maana akiziondoa mahindi yakiwa yameota atawafukuza wadudu kutoka nyasini na kuwaingiza shambani. Anunuapo mbegu aulize kama aina hiyo yastahimili milia. Na mche ulioshikwa katika majuma ya kwanza, ukiwa mmojammoja, ung'olewe. Yakiwa yameshikwa mengi, kuyang'oa hakusaidii tena.

Jambo moja la mwisho ni la kupambanua. Tangu mwaka 2011, ulipoonekana kwanza Bomet, Kenya ina ugonjwa mwingine wa mahindi uletwao na virusi viwili vikikutana katika mmea mmoja. Huo si milia. Majani yake huwa na mabaka ya manjano yasiyo mistari iliyonyooka, kisha hukauka kuanzia ukingoni kuja ndani, na moyo wa mmea hufa. Hata mahindi yaliyokwisha kukua huwa na maganda makavu kabla ya wakati. Kipanzi hana habari nao. Huenezwa na wadudu wengine, na mojawapo ya virusi vyake chaweza kupita katika mbegu na kubaki katika udongo na mabua. Kwa ugonjwa huo yafaa kubadili zao, kupanda maharagwe au viazi kwa msimu mzima. Mkulima asiyeweza kuyatenganisha magonjwa haya mawili ampelekee afisa wa kilimo mmea mzima pamoja na majani machanga ya juu, maana katika majani hayo ndimo tofauti inamoonekana upesi zaidi.